Mashati ya Bwana Bure

Mkuu wetu wa chuo ana moyo mzuri, na huo moyo wake mzuri ndio utakaonizeesha. Kila muhula huwabunia wanafunzi marupurupu mapya, mpaka wakamwita Bwana Bure, naye jina hilo analipenda. Alianza na chai ya bure kwenye chumba cha mtihani. Wanafunzi wakanywa, wakashukuru, kisha wakaanza kunyoosha mikono kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na choo cha jengo lile ni kimoja. Akaja na bisi za bure maktabani; mpaka leo ukishika kitabu cha uhasibu kinateleza mkononi kwa mafuta yake. Wahenga walisema mpanda ovyo hula ovyo. Hawakufika chuoni kwetu, ambako anayepanda ni mmoja na tunaokula ni sisi wengine.

Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia. Zamani kazi yangu ilikuwa mashuka na mapazia, kazi ya watu wenye akili timamu. Muhula huu Bwana Bure akaagiza mashine mpya, akatangaza kwamba wanafunzi wote watafuliwa sare bure ili wapate muda wa kusoma. Sare yetu ni shati jeupe, jeupe tupu, halina hata uzi wa rangi. Nikamwuliza tutayatambuaje. Akanitazama kwa huruma, akanieleza ubunifu wake: kila shati litiwe mfukoni kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Nikamwambia karatasi na maji havipikiki chungu kimoja. Akasema nisiwe mtu wa kukatisha wenzangu tamaa.

Ijumaa tukafua. Jumamosi asubuhi nikafungua mashine, nikakuta mashati ya chuo kizima yamejaa uji mweupe wa karatasi mifukoni, na jina hata moja halisomeki. Nikakaa juu ya kapu nikacheka mpaka machozi yakanitoka, maana kulia kungenichelewesha, na siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuchelewa.

Siku hiyo nilikuwa naposwa. Cheka tu, hata mimi wiki nzima nilikuwa nikicheka peke yangu njiani. Umri wangu ni wa kuitwa shangazi na kila mtu. Mposaji ni fundi seremala wa chuo, mtu mpole asiyejua maneno matamu. Yeye alikuwa anakuja kukaza skrubu za meza yangu ya kupigia pasi, zilegee zisilegee, mpaka meza ikawa imara kuliko ukuta. Kaka yangu, aliyenilea baada ya wazazi kufariki, alikuwa amesafiri kutoka mbali kuja kumwona, na jioni alikuwa na basi la kurudi. Mposaji wangu wa kwanza, enzi hizo, kaka alimkataa kwa sababu alichelewa, na neno la kaka likishatoka halirudi. Tulipatana saa nane, nyumbani kwangu. Likiharibika leo, basi tena.

Bwana Bure akaja mlangoni akasema wageni wa bodi wanafika jioni, kwa hiyo sitoki mpaka kila shati limpate mwenyewe. Nikamweleza habari ya posa. Akanipongeza kwa furaha ya kweli, akanishika mkono, akarudia kwamba sitoki.

Foleni ikaanza, wavulana na fulana za ndani, wasichana wamejitanda mashuka yangu mabegani. Kila aliyefika alilitambua shati jipya kuliko yote kuwa ndilo lake. Yale yenye kola zilizochakaa yalikuwa mayatima. Jamaa mmoja mrefu alivaa shati lililoishia kitovuni, akaapa kwamba ni lake, ila mashine zetu zimelidhulumu. Mwingine alinusa moja baada ya jingine akitafuta jasho lake, na yote yalinuka sabuni. Nilikuwa na hasira, na kila nikitaka kugomba kicheko kinanitangulia. Saa nane ikafika, ikapita.

Ndipo akaingia fundi. Alikuwa amefika nyumbani kwangu, akamkuta kaka amekaa peke yake anatazama saa, akaomba ruhusa ya kuja kunichukua. Alivaa shati jeupe jipya, limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Akauona ule mlima wa mashati. Akalivua shati lake asilichafue, akalitundika kwenye kiti, akaanza kupanga mengine kwa ukubwa. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Kuna mwanafunzi alikuwa ameshalitambua.

Na kabla sijasema neno, kaka huyo mlangoni, na suti yake, na uso wake wa kesi.

"Ndiye huyu aliyetoka nyumbani na shati?" akaniuliza.

"Ndiye, kaka."

Fundi akamwamkia tena shikamoo, amesimama na fulana iliyotoboka kwapani. Kaka akamwuliza shati lake liko wapi.

"Limeondoka na mwanafunzi, kaka," fundi akasema. "Nikilikimbilia, dada yako atabaki hapa mpaka usiku."

Kaka akaitazama ile fulana, akautazama na mlima wa mashati. Kisha akavua koti. Hakulitundika, alilifunga kiunoni, akasema apewe fungu lake.

Bwana Bure aliporudi akakuta mzee asiyemjua anawapima wanafunzi mashati migongoni. Akauliza huyu ni nani. Kaka akamwambia amekuja kusikiliza posa ya dada yake, basi lake halisubiri mtu, na kama mashati yote ni rangi moja, wageni watajuaje nani kavaa la nani? Bwana Bure akapanda juu ya kapu akatangaza, kama vile amelibuni yeye, kwamba kuanzia sasa kila mwanafunzi ana uhuru wa kuvaa linalomtosha. Kufumba na kufumbua mlima haukuwepo.

Kaka akakaa, akajifuta jasho. "Waposaji huja wamejipamba, mtu ukabaki kukisia," akasema. "Huyu nimemwona." Akanigeukia, mbele ya foleni nzima iliyokuwa bado inafunga vifungo. "Na wewe, unamtaka?"

Nilikuwa nimejiandaa kuinamisha uso na kuona haya, kama inavyotakiwa.

"Namtaka, kaka," nikasema. "Ila nguo zake atafua mwenyewe."