Kanini Alivyokoroma Kwenye Semina ya Kujitunza

Kanini alifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee pale Ruiru: kuogesha, kulisha, kugeuza wagonjwa kitandani, na kutukanwa na Mzee Maina, ambaye hakupenda maji hata kidogo. Mgongo ulimwaka moto kila siku. Meneja wake, Madam Maxine, aliposikia kwamba wafanyakazi wamechoka, alisikitika sana, akawaandalia semina ya kujitunza. Akaiweka Jumapili, siku pekee ambayo Kanini hupumzika. Kuhudhuria ni lazima.

Walikutana Kamakis, katika ukumbi ulio nyuma ya hoteli ya nyama choma. Mkufunzi, Bwana Dalmas, aliwaambia wafumbe macho, wavute pumzi, waende mahali penye amani. Kanini alifumba macho. Akaenda.

Aliposhtuka, watu walikuwa wanapiga makofi.

"Mnamwona huyu dada?" Dalmas alisema, machozi yakimlengalenga. "Amekoroma! Sijawahi kuona mtu akiachilia mawazo hivi."

Madam Maxine alimvuta kando, uso umejaa furaha. "Kanini, wewe sasa ndiye balozi wetu wa kujitunza. Kila Jumapili utafundisha wenzako."

"Kila Jumapili?"

"Ni masaa machache tu. Halafu ukishafika kazini, si utamwogesha tu Mzee Maina?"

Kanini alifungua mdomo aseme sawa, kama kawaida yake. Likatoka neno lingine.

"Hapana, Madam. Jumapili nitalala."

"Lakini wazee wanakuhitaji!"

"Najua, na ninawapenda. Jumapili nitalala."

Jumapili iliyofuata alikuwa Kiandutu kwa dadake Kaluki, simu ikilia chini ya mto. Kila ilipolia, moyo ulimdunda kama ameiba kitu.

"Si uizime!" Kaluki akamfokea.

Akaizima, akalala mpaka jioni.

Jumatatu alimkuta Madam Maxine akitembea ameinama, mkono kiunoni. Alikuwa amejaribu kumwogesha Mzee Maina mwenyewe, wakaoga wote wawili, yeye na nywele zake za saluni.

"Nimepata mtu mwingine wa Jumapili," alisema bila kumtazama. "Na yale mambo ya balozi, tuyaache."

"Asante, Madam. Pole na mgongo."

Kanini aliingia jikoni. Hakujua acheke ama alie. Akajimiminia chai, akavuta kiti, akainywa ameketi mpaka ikaisha.