Breki ya Kiti cha Pili

Mtaa mzima ulimwita Breki, na mwenyewe hakuwa na neno. Alikuwa amefundisha watu kuendesha gari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kigari chake cheupe kilikuwa na pedali mbili za breki: moja ya dereva, kama gari lolote, na ya pili miguuni mwa kiti cha abiria, anapokaa mwalimu. Mwanafunzi akipagawa, mwalimu anakanyaga. Alikanyaga miaka mingi hata mguu ukazoea vibaya. Ukimkuta sebuleni anatazama mpira, mchezaji akienda mbio kumvaa mwenzake, mguu wa kulia wa mzee unakandamiza zulia. Wallahi, zulia lile lilikuwa na shimo.

Ila wanafunzi waliisha. Shule kubwa ya udereva ilifunguliwa barabara ya pili, magari mapya, walimu vijana wenye fulana zinazofanana, na watu wakahamia huko kama maji yafuatayo mkondo. Halafu mke wake akafariki. Binti yao wa pekee aliishi mbali na kupiga simu Jumapili, mtandao ukikubali, na mtandao ule, mwenzangu, haukuwa mwepesi wa kukubali. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio.

Sasa, bima. Bima ya gari lake ilikuwa inaisha Ijumaa, na gari lisilo na bima halitoki getini. Mwaka uliopita alikuwa ameuza friji ili ailipe. Safari hii hakikubaki cha kuuza ila kitanda, na kitanda hakiuzwi, utalala wapi? Basi akavaa shati la kutokea akaenda kwa wakala wa bima, mama mmoja wa makamo ambaye zamani alijifunza gari kwake na kugonga nguzo ileile mara mbili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja unipunguzie."

Mama akafungua kompyuta, akasogeza miwani, akasoma, akaguna. "Mwalimu, mbona unalipa nyingi hivi? Gari lako bado liko daraja la mafunzo. Hilo ndilo ghali kuliko yote, maana wanafunzi wanagonga."

"Wewe unajua."

Akacheka. "Najua sana. Una wanafunzi wangapi?"

Mzee akatazama feni ya darini. "Kwa sasa?"

"Kwa sasa."

"Kwa sasa wamepungua."

"Wamepungua hadi wangapi?"

"Hadi hakuna."

Kicheko kikamwisha yule mama. Akamweleza polepole, kama vile yeye alivyoelezwa klachi siku zile, kwamba gari likigeuzwa kuwa la binafsi bima ingeshuka zaidi ya nusu. Friji mpya angeinunua kabla mwaka haujaisha. Sharti ni moja tu: pedali ya pili ing'olewe, gari lipelekwe kwa mkaguzi alitazame na kulipiga picha.

"Nikiing'oa," mzee akasema, "halafu akatokea mtu anataka kujifunza?"

"Nani, mwalimu?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, kalamu mkononi, tayari kuandika jina kama lipo. Halikuwepo. Mzee akaaga, akasema ataking'oa hicho chuma, pesa si majani ya kuokota.

Nyumbani akampigia binti yake, ingawa haikuwa Jumapili.

"Baba, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepata njia ya kuokoa pesa za bima. Nang'oa breki ya pili."

"Afadhali! Si nilikuambia siku nyingi? Chuma chenyewe cha nini?"

"Nilikuwa nasema labda ukija, nikufundishe."

"Baba, mimi naendesha mwaka wa saba huu. Nilikutumia picha."

"Aa, kweli. Ulinitumia." Alikuwa anajua. Picha ilikuwa ukutani mbele yake. "Utakuja lini?"

"Tutaangalia, baba. Kazi zimebana."

Mpweke ana akili za ajabu: kesho yake alikwenda gereji kwa njia ndefu, ili akae na pedali ile kidogo. Njiani akamkumbuka mkewe. Yule bibi alikuwa na kichwa kigumu, na alijifunzia kwenye kigari hichohicho. Alipopata leseni mumewe aliendelea kukaa kiti cha mwalimu, akimkanyagia kila paka, kila kuku, kila kivuli. Siku moja bibi akasimamisha gari katikati ya barabara akasema, "Ukinikanyagia tena, nashuka." Mume akaapa hatarudia. Hatua chache mbele akakanyaga. Bibi akashuka kweli, akatembea kwa miguu hadi nyumbani na mkoba wake kichwani, mume akimfuata na gari taratibu, akimwomba kupitia dirishani, na watu wamejaa barazani wanakufa kwa kicheko. Walipofika alisema, "Siku utakayoniacha niendeshe mwenyewe, ndipo nitajua unaniamini." Alisema hivyo mpaka alipoanza kuugua. Hakuachwa hata siku moja.

Fundi wa gereji hakuwa na habari na hayo yote. Alilala chali chini ya dashibodi, akafungua skrubu mbili na waya wa chuma, akaziba tundu kwa kipande cha mpira, kisha akamkabidhi mzee pedali ikiwa bado na grisi. "Haya, mzee. Kazi yenyewe imeisha kabla chai haijapoa. Sasa ngoja nilijaribu gari kidogo, maana breki hizi zilikuwa zimeunganishwa. Ingia."

Mzee akaenda mlango wa abiria. Tangu mkewe afariki hakuwa amekaa upande ule. Wa kumwendesha alikuwa nani? Akafunga mkanda, pedali akaipakata mapajani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kama alivyokiacha, goti likagusa dashibodi palepale.

Wakatoka. Fundi aliendesha vizuri, mkono mmoja, akiimba kwa pua. Walipokaribia makutano, mtu wa mkokoteni akajitokeza ghafla na mzigo wa mbao.

Mguu wa mzee ukaruka. Ukakanyaga kwa nguvu zake zote, na chini hapakuwa na kitu, mpira mtupu na bati. Gari likasimama lenyewe, taratibu, mbali kabisa na mkokoteni.

"Usiogope, mzee," fundi akasema. "Nilikuwa nimeshamwona."

Mzee akatazama mguu wake. Ulikuwa bado umekandamiza bati. Akaushika gotini kwa mikono miwili, akauinua, akaurudisha nyuma chini ya kiti. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakujali kama yanaonekana.

"Endesha," akasema. "Endesha mwenyewe, mke wangu. Sikanyagi tena."

Fundi akamtazama, akadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mkokoteni ukapita, naye akatia gia.