Seli za Mzee Kelele

Mzee Kelele alikuwa fundi makochi, na jina hilo hakusingiziwa. Nyundo yake ilisikika mtaa mzima, na akiiweka chini, mdomo unapokea zamu. Ndiyo maana moyo wake ulipoanza kushindwa kazi, kilichowatisha watu wa nyumbani kwanza ni ukimya. Anapanda ngazi kidogo, anakaa, anahema, hata utani hana. Miguu ilimvimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Bintiye, mtu wa maabara, ndiye aliyeleta tumaini. Hospitali anayofanyia kazi ilikuwa inajaribu tiba mpya: unachukuliwa damu, chembe zako zinarudishwa uchangani ziwe seli shina, kisha zinalelewa mpaka zigeuke seli za moyo, zikapandikizwe pale moyo ulipokufa. Mzee akakubaliwa. Mkuu wa maabara alitaka kazi hiyo aifanye mtu mwingine, lakini binti akagoma katakata. Huyu ni baba yangu, akasema, nitazilea mwenyewe.

Akazilea kweli, jamani! Jumapili wenzake wamelala, yeye yuko kwenye kabati la joto anazibadilishia lishe. Siku seli zilipoanza kudunda zenyewe kisahanini, alilia peke yake kama mtoto.

"Vipi, vijana wangu hawajambo huko?" Mzee alikuwa akimuuliza kila akirudi.

"Hawajambo, baba. Wana fujo kama wewe."

Daktari wa Mzee naye akauliza kama zimeiva. Zilikuwa zimeiva, vipimo vyote vilisema hivyo. Ila pembeni mwa kisahani palikuwa na kikundi kinachodunda kivivu, na binti alikuwa amerithi ugonjwa wa babake: mshono mmoja ukipinda, kochi zima linafumuliwa. Alimpenda mno, asingeweza kumpa kitu chenye kasoro. "Nipe wiki moja zaidi," akasema, na daktari, kwa kumwamini, akampa.

Wiki hiyohiyo Mzee akafa. Hakupiga hata ukelele. Alikuwa amekaa anasubiri chai, mkewe akaja na kikombe, akamkuta keshaondoka.

Baada ya mazishi, mkuu wa maabara alimwambia binti kwa upole kwamba seli zile sasa zitiwe dawa ya kuziua, kisha zitupwe, ndio utaratibu. Binti akaitikia sawa, akaenda kuzilisha. Kesho yake akazilisha tena. Sasa angefanyaje? Mwenyewe yuko kaburini, seli zake zinadunda kana kwamba hazijaletewa habari.

Hatimaye mama mtu akaja hospitalini, macho mekundu. "Nasikia kuna kitu chake bado kizima. Nionyeshe."

Akavalishwa koti, kofia na glavu, akawa kama mpishi wa hoteli. Siku nyingine wangecheka hadi mbavu ziume. Binti akamsogezea hadubini, mama akainama. Kisha kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Mkaidi wewe! Umeniacha na chai mkononi, kumbe uko huku unadunda tu. Huna haya hata kidogo?"

Akamgombeza hivyo, kwa mapenzi, kama alivyozoea kumgombeza sebuleni. Binti alisimama nyuma yake, moyo unamuuma vibaya sana. Mama akainua kichwa.

"Mbona zinadunda vizuri hivi, mwanangu? Zilikuwa zinangoja nini?"

Angeweza kumtaja daktari. Angeweza kusema vipimo, utaratibu, chochote, na mama angeamini.

"Zilikuwa zinaningoja mimi, mama. Zilikuwa tayari. Mimi ndiye niliyesema bado."

Mama alimtazama. Akavua glavu moja, halafu nyingine, akaziweka mezani, akageukia mlango.

"Basi zimalize leo," alisema, bila kumwangalia. "Sitaki angoje tena."