Kikombe Kibaya Kwanza

Mteja wa kahawa muonjeshe kikombe kibaya kwanza, kizuri kitajisemea chenyewe. Huo ndio ulikuwa mwendo wa Asiya, Mama Houda, mkaanga kahawa wa mtaa wa Jabe, kwa miaka ishirini. Kila alipokwenda kuuza alibeba kikaratasi chenye punje chache zilizoharibiwa na mdudu shambani, zile ambazo zikisagwa hunuka kiazi kibichi. Kwa macho huzitambui. Asiya alizikamata kwa pua. Punje moja tu, na kikombe kizima kwisha habari yake.

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na saba alipanda Kiriri, mtaa wa matajiri, na kikaratasi chake, na nyuma yake Ildephonse kabeba mfuko. Ungemwona ungesema mchukuzi. Kumbe kahawa ni yake! Babu yake alipewa mbegu na mapadri, na Wabelgiji walipoamuru aina nyingine zote zing'olewe ibaki moja, mzee akaficha miti saba migombani. Wakamlaza chini, wakamchapa fimbo nane aseme iko wapi. Hakusema. Sasa vita vilikuwa vimemtoa mjukuu kilimani na mfuko mmoja, mavuno ya mwisho, huku mkewe Consolate na watoto wakikohoa chini ya turubai kambini, walikozuiwa kutoka. Mfuko ule ukiuzwa, mlinzi wa kambi angelainika kwa hongo na familia ingeshuka mjini. Usipouzwa, basi tena.

Na mnunuzi alikuwepo. Verhelst, Mbelgiji mmoja, aliwahi kuionja kwa Asiya akafumba macho. Alisema anasikia maua ya mchungwa, kisha asali, kisha uchachu wa tunda la marakuja unaobaki ulimini. Akaahidi bei ya lori zima kwa mfuko mmoja, maana haipatikani kwingine.

Lakini barazani kwake siku hiyo alikuwa ameketi komanda wa jeshi, rafiki yake, bastola kiunoni. Asiya akasalimia.

"Jina la kilima, Madame," Verhelst akasema, kalamu mkononi. "Bila jina, hii ni kahawa kama nyingine. Kesho komanda atanipa gari na askari, nikaione miti yenyewe."

"Eeh, mama," komanda akaitikia. "Kilima gani?"

Yarabi! Kwenye kilima kile cha Ildephonse askari wanane walikuwa wameuawa wiki tatu nyuma, na tangu hapo kila mwanamume wa huko aliyekamatwa mjini hakurudi. Akitaja kilima kingine, kesho gari litakwenda, litakosa miti, litarudi Jabe. Akikataa kutaja, ndiyo kabisa watashukiwa. Ildephonse alikuwa amesimama ukutani na mfuko begani, na komanda ameshaanza kumtazama.

"Mi nasema onjeni kwanza," Asiya akajibu. "Jina halinyweki."

Akainama kwenye mashine yake ya mkono. Desturi ilikuwa kusaga kila kikombe peke yake, na leo vikombe vilikuwa vitatu. Kimoja kikinuka, mnunuzi atasema bahati mbaya. Vitatu vikinuka, mfuko wote umeoza, na nani atauliza umetoka wapi? Akafungua pindo la kitenge polepole, alimofunga kile kikaratasi. Komanda akainuka, akaja kusimama nyuma yake kabisa.

"Unatetemeka, mama."

"Ni mashine hii, komanda. Ya zamani kuliko mi."

Bismillahi. Punje moja, akasaga. Punje moja, akasaga. Ya tatu ilimnata kidoleni kwa jasho, akaisukuma kwa ukucha.

Verhelst akafyonza cha kwanza, akatema. Cha pili, akatema. Cha tatu alikinusa tu, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Kiazi! Vyote kiazi! Ulinionjesha nyingine, mwizi wewe! Hakuna mnunuzi mji huu atakayekufungulia tena!"

Komanda alicheka mpaka akarudi kukaa. Kilima hakikuulizwa tena.

Walipofika mteremkoni Ildephonse alibwaga mfuko chini. "Nimeona kikaratasi, Mama Houda! Umeua watoto wangu!"

"We ndo ungeuawa, kichwa ngumu we! Ningetaja, ungelala wapi leo?" Asiya naye alikuwa analia kwa hasira. Miaka ishirini ya jina zuri, imekwenda kwa punje tatu. "Beba mfuko, twende."

Nyumbani Jabe akavua hereni zake za dhahabu, za mahari, akamwekea kiganjani. "Za mlinzi wa kambi. Chumba cha nyuma ntatoa magunia, mukae. Apana kunishukuru, nimekasirika bado."

Kisha akasaga kahawa ya mfuko, safi, akamimina kikombe kimoja, akamsukumia. Ildephonse akakitazama tu.

"Kunywa."

"Sisi tunalima, Mama Houda. Hatunywi. Yote ni ya kuuza."

"Babu yako je?"

"Babu alikunywa."

Akanywa. Akanywa tena, na machozi yakamtoka, asiyafute.

"Fimbo nane," alisema mwishowe. "Maisha yangu yote nilidhani yule mzee alikuwa mjinga."

Akaomba kikombe kingine.