Kadi ya Arobaini na Moja

Kadi ilikuwa na matundu saba, na fundi saa alikuwa na hakika kwamba tangu apewe kadi hiyo mpya ameingia kasino mara nne tu. Aliigeuza, akaiinua kwenye taa, akaitazama kwa kile kioo chake cha jicho moja anachotumia kwa magurudumu madogo kuliko punje ya mtama. Saba. Na huyu si mtu wa kukosea kuhesabu, jamani. Parafujo ikimponyoka anajua imeponyoka kabla haijagusa sakafu.

Ngoja kwanza niieleze hiyo kadi, msije mkachanganyikiwa kama yeye. Kasino ile ilikuwa juu ya duka la vitanda, si mbali na kibanda chake, na ilikuwa haiulizi mteja wake jina. Ukishazoeleka unapewa kadi yenye namba, na namba ndiyo wewe. Bawabu haangalii uso, anaangalia kadi, anaitoboa kwa koleo kila unapoingia na kugonga muhuri wa siku kando ya tundu. Wahudumu nao wameagizwa wasimkodolee mtu macho. Jikoni wana karatasi iliyoandikwa namba yako na kinywaji chako, basi. Fundi alipewa arobaini na moja. Alilipenda jambo hilo kuliko hata mchezo wenyewe. Kibandani alikuwa fundi, nyumbani baba na mume, misibani shemeji wa watu. Pale juu alikuwa namba, na namba haidaiwi salamu.

Tena alikuwa na sababu nzito ya kujificha. Miaka mitatu nyuma mkewe alifungasha nguo na watoto akarudi kwao, kwa ajili ya kamari hiyohiyo. Aliyemrudisha ni mama mkwe. Alimkalisha fundi mbele ya wajomba, akamwapisha, kisha akasema kila mtu akisikia kwamba siku jamaa atakapogusa mashine tena, atakuja kumchukua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na safari hiyo hakuna wa kumrudisha. Fundi alikula kiapo jasho likimtiririka. Alikishika miezi minane. Halafu Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana akaaga kwamba anakwenda kutengeneza saa ya mnara wa ofisi fulani, na tangu siku hiyo mnara huo ukawa na saa mbovu kuliko zote duniani.

Sasa mama mkwe huyohuyo alikuwa nyumbani kwake, huu ukiwa mwezi wake wa pili hapo, akitibiwa macho. Alikuja na saa yake ya ukutani, ya mbao, yenye kile kidude kinachoning'inia na kuyumba. Ilikuwa imesimama. Fundi aliifungua, akaona ni kazi ya dakika kumi, springi tu. Kisha akaona na kitu kingine: mle ndani mlikuwa na nafasi ya kutosha kadi. Nani atafungua saa mbovu katika nyumba ya fundi saa? Akamwambia mama kifaa hakipatikani, kimeagizwa. Kila alipoulizwa, kimeagizwa. Akili nyingi, eti.

Alhamisi hiyo ya matundu saba alipanda ngazi roho juu. Hajakaa sawasawa, mhudumu akamletea chai isiyo na sukari na mto wa kuegemea mgongo. Akasema hakuagiza. Mhudumu akatazama karatasi yake, akasoma: arobaini na moja, chai bila sukari, mto, na asisimamiwe nyuma. Fundi mwenyewe chai yake huwa sharubati kwa sukari, na mgongo wake haujawahi kumuuma. Lakini kubishana kungemfanya ajulikane, kwa hiyo aliinywa ile chai chungu hadi chini, akaegemea mto, akahisi anakalia kiti cha mtu mwingine ambaye ni yeye.

Akaanza kujishuku. Inawezekana nakuja hapa bila kujijua? Akakumbuka baba yake mdogo, aliyekuwa akitembea usingizini. Nyumbani alimzungukazunguka mkewe, akamuuliza kama Jumanne alishinda kibandani. Mkewe akamwangalia, akamwambia kibanda si chake yeye, ajiulize mwenyewe. Kwenye kadi, tundu la karibuni zaidi ambalo si lake lilikuwa na muhuri wa Jumanne. Fundi akakata shauri: Jumanne atajivizia.

Siku ilipofika alifunga kibanda mapema, akarudi nyumbani kuchukua kadi. Mama mkwe alikuwa kliniki kama kila Jumanne, mke yuko sokoni. Akafungua saa. Hamna kitu. Akaingiza vidole, akapapasa, hamna. Moyo ukamwenda mbio, naye akaufuata mbio hadi mlango wa kasino.

Bawabu alimtaka kadi. Akasema ameisahau. Bawabu akamsogezea daftari, asiye na kadi anaandika jina. Jina! Fundi alilitazama lile daftari kama limetema moto, akanong'ona kwamba yeye ni arobaini na moja. Bawabu akacheka. Arobaini na moja yuko ndani tangu asubuhi, alisema, na kama ni ndugu yake atamwitia. Kabla fundi hajakataa, ameshaita.

Akatoka mama mkwe, mto kwapani, miwani nyeusi ya kliniki usoni.

Hapo angeweza kugeuka akashuka ngazi. Macho ya mama yalikuwa hayaoni vizuri, asingemtambua. Lakini mtu aliyelelewa akaleleka ataweza wapi? Mgongo uliinama wenyewe na mdomo ukasema wenyewe: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama kwa mazoea, kisha akaijua ile sauti. Mto ukamponyoka.

Wakakaa ngazini. Mama alieleza akitazama viatu vyake. Alichoshwa na hiyo kimeagizwa, akaifungua saa mwenyewe, akaiona kadi. Jumanne ya kwanza, bila kujua kwamba siku ya fundi ni Alhamisi, alikuja kumfumania, akakaa kwenye mashine moja amsubiri. Alipochoka kusubiri akabonyeza kitufe kimoja. "Hapa," alisema, "hakuna anayeniuliza macho yanaendeleaje." Fundi alimwelewa mno, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi. Wakakubaliana yaishie hapo: fundi atapewa kadi aichane, na saa ataitengeneza.

Saa aliitengeneza siku hiyohiyo. Kadi hakuichana. Aliisukuma nyuma kabisa ya mashine ya saa, mahali isipogusa kitu, na mama alipomuuliza akasema ameshaichana. Kwa nini? Msiniulize mimi, hata yeye hajui.

Jumapili asubuhi, wote wako mezani, saa ikanyamaza. Kadi ilikuwa imeteleza ikakizuia kile kidude. Mkewe aliinuka kabla yake, akaishusha, akafungua. Akaiweka kadi katikati ya vikombe.

"Hii ya nani?" aliuliza, naye alikuwa anamtazama fundi, si mwingine.

Fundi alivuta kikombe chake, akakoroga chai.

"Yangu," alisema mama mkwe.

"Yako, mama?"

"Jumanne hizi za karibuni sikuwa kliniki. Nenda kaulize, anayekunywa chai bila sukari ni nani."

Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Mke alilia, akasema maneno makali ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kisha akamgeukia mumewe, akamshika mkono. "Nisamehe, mume wangu. Nilipoiona tu, nilikudhania wewe."

Ningependa kuwaambia kwamba fundi alisema. Hakusema. Alitikisa kichwa kama mtu anayesamehe.

Jumatatu mama aliondoka. Fundi alimbebea begi hadi kituo cha basi, akaanza kushukuru. Mama akamkatiza. "Usinishukuru. Nimewafikiria wajukuu wangu." Saa aliiacha ukutani. Inatembea vizuri, alisema, na ikisimama tena mwanawe atampigia simu.

Alhamisi fundi alikula chakula cha mchana chini ya saa ile, ikienda tiki, tiki. Alikuwa amepanga kushinda nyumbani. Lakini mkewe alimletea mkoba wa vifaa na kofia, uso umekunjuka, akamuuliza kama leo haendi mnarani. Angejibu nini? Akaupokea mkoba, akatoka.

Kwenye kona alisimama. Kushoto kasino, kulia kibanda ambako mkewe anajua leo hatakuwepo. Hakujua pa kwenda. Alisimama pale mpaka muuza magazeti akamuuliza anatafuta nini, naye akajisikia akisema anatafuta mnara wenye saa mbovu.

Muuza magazeti aliinua macho, akatazama huku na huku juu ya mapaa. "Mzee," akamwambia kwa upole, "hapa hakuna mnara."