Kobe wa Leonia

Mashamba ya karanga ya Wazungu kule Urambo yalipokufa, Damas alirudi kwao Kwihara akamkuta binti yake wa pekee amefungwa kamba ya gome la mti mguuni, na kamba yenyewe imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mtoto alikuwa amekaa chini, anapanga mbegu za ukwaju mstari mmoja mrefu. Hakuinua kichwa.

"Leonia, msalimie baba yako," mama yake, Apolinaria, alimwambia.

"Msalimie baba yako," mtoto akarudia, kwa sauti ileile ya mama yake, akaendelea na mbegu zake.

Damas alidhani anadhihakiwa. Akamtandika kofi. Leonia alipiga ukelele, akajiziba masikio, akaanza kugonga kisogo kwenye nguzo. Majirani waliokuja kumlaki mgeni wakatazamana.

"Ndivyo alivyo," Apolinaria alisema. "Hapendi kuguswa. Hatazami mtu usoni. Sauti ya kinu tu inamliza. Nikimwacha bila kamba anashika barabara ya Tabora, anatembea tu."

"Na hasemi?"

"Anarudia tunayoyasema sisi. La kwake mwenyewe hana."

Watoto wa jirani walimwita bubu. Mama yake akienda shambani, walikuja kuzitawanya zile mbegu kwa miguu ili wamwone anavyolia, kisha wakakimbia wakicheka. Huo ulikuwa mchezo wao, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwakemea.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Apolinaria aliokota kobe kwenye matuta ya mihogo. Alimleta nyumbani ili mtoto apate kitu cha kutazama. Leonia alimgusa, na kobe akaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba. Mtoto hakulia. Alilala kifudifudi mbele yake, kidevu kwenye vumbi, akangoja. Apolinaria alikwenda kuchota maji, akarudi, akamkuta bado amelala vilevile. Hatimaye kichwa kikachungulia, jicho moja kwanza. Leonia akacheka.

"Wewe," alisema.

Apolinaria aliitua ndoo chini. Hakuna aliyekuwa ametamka neno hilo pale. Lilikuwa la mtoto mwenyewe.

Tangu siku hiyo kobe akaitwa Wewe, na mama akawa anajifunza kwa kumtazama binti yake. Aliona jinsi anavyokaa karibu na mnyama bila kumsogelea, bila kumkodolea macho. Naye akaanza kukaa vivyo hivyo karibu na Leonia, mkono juu ya goti, ananyamaza. Jioni moja ule mkono mdogo ulikuja wenyewe ukatulia juu ya wake.

Kufikia mavuno, kamba ilikuwa imefunguliwa. Leonia alikwenda kisimani amempakata Wewe tumboni, akasimama katikati ya wanawake. Sauti ya kinu ilipoanza alilibana gamba kifuani na kufumba macho, lakini hakukimbia. Watoto walipomzunguka kutaka kumnyang'anya, aliwaambia, "Wangu huyu. Rudini nyuma," nao kwa mshangao wakarudi. Jumapili moja, mlangoni mwa kanisa, alimwambia katekista Anselm, "Tumsifu Yesu Kristo," na Anselm, aliyezoea kumpita kama mtu anavyopita kisiki, alijikwaa kabla ya kujibu, "Milele na milele, amina." Baadaye aliwaambia wazee wa kanisa wamwache akae benchi la nyuma na mnyama wake.

Damas alifurahi, ila furaha yake ilichanganyika na aibu. Watu walikuwa wanasema binti yake anaongea kwa ruhusa ya kobe. Wageni walipokuja alimfunika Wewe kwa kapu na kumwamuru mtoto, "Haya, sema." Midomo ya Leonia ilichezacheza bila sauti. Damas akifunua kapu, maneno yanarudi. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao.

Ndipo dada yake mkubwa, Tekla, akaja kutoka Goweko kusalimia. Alimtazama mtoto siku mbili tatu, kisha akamwita Damas na mkewe barazani.

"Sauti ile si ya mtoto," Tekla alisema. "Ni ya mnyama. Mtoto anaazima tu. Mtamwacha aazime mpaka aolewe? Kobe apikwe, mtoto amle peke yake, sauti ikae tumboni mwake."

"Umeyasikia wapi hayo, dada?" Damas aliuliza.

"Lazima niyasikie mahali? Si akili tu?"

"Wifi, mtoto atakufa," Apolinaria alisema.

"Hakufa ulipomfunga kamba kama mbuzi, atakufa kwa mchuzi?"

Kesho yake Damas alimtuma Apolinaria apeleke mihogo kwa ndugu zake kule Ipuli, na alipokuwa anamtwisha kikapu hakumtazama usoni. Apolinaria alijua. Hata hivyo alikwenda.

Walimchukua Wewe wakati Leonia anaoga. Alipotoka alizunguka nyumba, akachungulia chini ya ghala, chini ya kapu, nyuma ya mitungi. Tekla alimwekea ugali na bakuli la mchuzi.

"Kula kwanza," alimwambia. "Ukimaliza utampata."

Leonia akala. Alimaliza nyama yote kwa sababu aliambiwa akimaliza atampata. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akaliona gamba limegeuzwa juu chini, inzi wamejaa ndani.

Alilibeba mpaka uani. Alisimama mbele ya baba yake na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akamtazama machoni.

"Baba, aliyekuwa humu yuko wapi?"

Damas alisikia neno "Baba" tu. Machozi yalimtoka. Tekla akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

"Amesema! Bila mnyama!" Damas alipaza sauti. "Sema tena, mwanangu!"

"Mmempika. Nimemla mimi."

"Mnasikia maneno yalivyonyooka?"

Leonia aliwageukia majirani, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia yaleyale, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hawajasikia. Na kila aliposema walimpigia makofi. Apolinaria aliporudi aliwakuta wanacheza ngoma, mtoto amesimama katikati, sauti imemkauka, bado anasema. Alimbeba akampeleka nyuma ya nyumba. Huko Leonia alitapika, akatazama alichotapika, akajaribu kukikusanya kwa mikono.

Habari zilienea. Haukupita muda mrefu mwanamke mmoja wa Ipuli, Eustadia, akafika na binti yake mdogo, Minza, aliyekuwa anayumbayumba na kuzungusha vidole mbele ya macho. Kwenye kapu alikuwa na kobe.

"Nimesikia mna dawa," alimwambia Damas.

"Umefika. Shida yako imekwisha," Damas alijibu, akaagiza kisu.

Leonia alikuwa amesimama mlangoni. Alimtoa kobe kwenye kapu, akamweka mbele ya Minza, kisha akakaa pembeni bila kumtazama mtoto. Vidole vya Minza vikaanza kupunguza mwendo.

"Usimpike," Leonia alimwambia Eustadia. "Mimi sikupona. Nilikuwa naongea naye, wakanilisha. Mwache amshike."

Eustadia alimtazama yule mtoto aliyesema huku anaangalia ukuta, akamtazama Damas, mtu mzima mwenye mji wake. Akamwinua kobe, akampa Damas.

Leonia aliung'ang'ania mkono wa baba yake. Damas alimpiga kwa mpini wa kisu, akaanguka. Hapo Apolinaria alitoka jikoni na mchi mkononi. Alimpiga mumewe begani, kobe akaanguka, naye akamkwapua na kukimbilia porini. Damas alimkuta njiani anarudi mikono mitupu. Alimpiga mbele ya watu, na watu wakasema amestahili, mwanamke aliyempiga mumewe mchi. Eustadia aliondoka anamvuta Minza aliyekuwa analia, akilalamika kwamba amechoshwa bure.

Jino moja la mbele la Apolinaria, lililolegezwa na kipigo kile, halikupona, likang'oka. Damas aliendelea kuwahadithia watu jinsi alivyomponya binti yake, na Leonia, kila alipokuwepo, alisema palepale, "Ni uongo." Alipigwa kwa hilo pia, akazidi kusema. Wageni wakapungua.

Wakati wa palizi Eustadia alirudi. Hakupita mjini kwa Damas. Aliwafuata mama na binti shambani, Minza mgongoni, na kobe mdogo amemfungia kwenye pindo la khanga.

"Nilimpikia mmoja," alimwambia Apolinaria. "Alitapika, na sasa hataki chakula kutoka mkononi mwangu. Niambieni nifanye nini."

Apolinaria alimwonyesha Leonia kwa kidole. Leonia hakuacha kupalilia mpaka alipomaliza tuta. Kisha akaja akamtazama kobe, si yule mwanamke.

"Mweke chini," alisema. "Mtoto naye mshushe. Wewe kaa pale, mbali kidogo, na unyamaze."

"Mpaka lini?"

"Nimesema unyamaze."

Eustadia akakaa kwenye udongo uliolowa.