Penalti Chini ya Lori

Meneja alikuwa na wiki mbili tu pale gereji alipoleta barua iliyokwisha kupigwa muhuri. Fundi mkuu, mama mmoja waliyemwita Nati, aliisoma akiwa amesimama, mikono imelowa oili. Alitakiwa atie saini kwamba neno "penalti" halitasikika tena kazini. Asiposaini, afungashe virago.

"Kiingereza cha watu mmekiharibu," meneja alisema. "Penalti ni adhabu. Wateja wakubwa wakiwasikia watatuona washamba."

Hapo damu ikamchemka Nati. Kiingereza cha watu gani? Neno walilipata mpirani, kama kila mtu, wakaliajiri. Pale gereji penalti ilikuwa na maana moja: gari linashuka, kila mtu nyuma ya mstari wa njano, kama wachezaji wanavyotoka ndani ya boksi. Lilianza baada ya shemeji yake, fundi mwenzao, kukatwa vidole viwili chini ya lori, mwenye jeki akiwa bado anaeleza kwamba linashuka.

"Sasa tuseme nini?"

Meneja akaonyesha tangazo lake ukutani, mistari mitatu mizima.

"Basi ingia chini ya lori hili, bosi. Nikusomee."

Mafundi wakaguna. Meneja hakutaka kuitwa mwoga. Akavua koti, akalala chali chini ya lori. Nati alikuwa amekwisha kuweka stendi za chuma, lori lisingeweza kushuka zaidi ya upana wa vidole vinne, ila hilo hakumwambia mtu. Akashika jeki, akasoma bila haraka:

"Watumishi wote mnaarifiwa kwamba, kwa mujibu wa kanuni za usalama mahali pa kazi..."

Lori likalia, likaanza kushuka.

"Maliza kusoma, mama! Maliza!"

"Bado mistari miwili."

Shemeji yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akainua ule mkono wa vidole vitatu, akapaza sauti: "Penalti!"

Meneja alichomoka kwa viwiko na magoti, akainuka mbio, na alipotanabahi alikuwa nyuma ya mstari wa njano, bega kwa bega na mafundi, shati jeupe limekuwa tambara. Hakuna aliyecheka. Shemeji akaurudisha mkono mfukoni.

Nati akaichukua ile barua, akafutia mikono, akamrudishia meneja.

"Nifukuze ukitaka," alisema. "Ila neno hilo limeshakuingia miguuni."